"Sista, Nitavaa Nini?": Mama na Nguo za Mazoezi

   Vuta kiti ukae, na kama unaosha vyombo endelea tu, bora umetega sikio.

Leo nitazungumza juu ya jambo ambalo sisi wauguzi huwa hatuligusi kliniki, nami nakiri kwamba kwa miaka mingi sikuligusa hata kidogo. Mama anakuja, tunampima presha, tunampima uzito, tunampa vidonge, tunamwambia apunguze chumvi na mafuta ya kupikia. Halafu tunamwambia, "Na mazoezi, mama. Tembea haraka angalau nusu saa kila siku." Anaitikia, "Sawa sista," anafunga mtoto mgongoni anaenda zake. Mwezi unaofuata anarudi, na hajatembea hata siku moja.

Kulikuwa na mama mmoja hapa Thika, wa miaka arobaini na kitu, muuza mboga. Presha yake ilikuwa 160 kwa 100. Aliporudi mara ya tatu bila mabadiliko nilimwuliza, tena kwa ukali kidogo, kwa nini hafanyi mazoezi. Aliinamisha kichwa, akashika mkoba wake, akasema kwa sauti ya chini, "Sista, nitavaa nini?"

Akanieleza. Siku ya kwanza alitoka na rinda lake la kawaida na sandali. Rinda lilimbana magotini, sandali ikakatika karibu na reli. Siku ya pili aliazima suruali ya traksuti ya kijana wake. Alipopita penye steji ya boda boda, vijana walipiga mbinja, na jirani yake akamwuliza kwa sauti kama ameanza usichana upya. Akarudi nyumbani, akaikunja ile suruali akairudisha kwa mwenyewe. Vidonge aliendelea kumeza, lakini kutembea aliacha siku hiyo.

Mama msikilizaji, nilikaa na swali hilo. Nilikuwa nimemwambia afanye kazi bila kumwambia vifaa vya kuifanyia.

Na kazi hiyo si ya mchezo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 kuhusu afya ya jamii ulionyesha kwamba mmoja kati ya kila wanawake watatu wa Kenya wa umri wa miaka 15 hadi 49 ana uzito kupita kiasi. Mwaka uliofuata, 2015, Wizara ya Afya ilipima watu wazima nchini na kukuta karibu robo yao wana presha ya juu. Presha haipigi hodi. Unaweza kukaa nayo miaka ukiuza duka lako vizuri, halafu siku moja upande mmoja wa mwili unakataa kuamka. Kutembea haraka dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa siku tano, kunasaidia kuishusha, kunasaidia sukari, kunasaidia usingizi na moyo mzito. Shirika la Afya Duniani lilitoa kipimo hicho upya mwaka 2020, na halikumwacha mama mjamzito nje. Kama hana tatizo ambalo daktari amemkataza, yeye pia ni dakika 150. Vidonge vya presha, hata hivyo, usiviache kwa sababu umeanza kutembea. Hivyo vinaachwa kwa idhini ya daktari tu.

Sasa turudi kwa nguo. Hebu fikiria wale wanaofanya kazi katika mashamba ya mananasi hapa nje ya Thika. Wanavaa nguo nzito, glavu na gambuti, kwa sababu majani ya mananasi yanachoma. Fikiria akina mama wa kuchuma kahawa upande wa Ruiru, wamejifunga gunia kiunoni juu ya rinda. Umewahi kusikia mtu akiwapigia mbinja? La. Kila mtu anajua hayo ni mavazi ya kazi. Nguo za mazoezi nazo ni mavazi ya kazi, na kazi yenyewe ni kulinda moyo wako. Ukizitazama kwa jicho hilo, nusu ya haya inaondoka.

Mimi sikutaji nguo za bei kubwa. Mama anayetembea au kuruka kamba anahitaji mambo matatu tu: matiti yashikwe, magoti yawe huru, na mguu ufungwe vizuri ndani ya kiatu. Rangi na mtindo ni juu yako.

Nianze na matiti, maana hapo ndipo akina mama wengi wanapoachia mazoezi bila kusema sababu.

Titi halina mfupa wala msuli wa kulishikilia kwa ndani. Linashikwa na ngozi na nyuzi nyembamba tu. Ukikimbia, haliruki juu na chini peke yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Portsmouth huko Uingereza walipima wanawake wakikimbia wakaona titi huzunguka kwa mchoro unaofanana na namba 8. Ndiyo maana linauma, na ndiyo maana unajikuta umekunja mikono kifuani unapokimbilia matatu. Mama mwenye matiti makubwa akiambiwa aruke kamba na sidiria ya kanisani, ataumia, na atafikiri kosa ni lake.

Hata wazungu walichelewa kulitatua jambo hili. Sidiria ya michezo ilibuniwa mwaka 1977 katika jimbo la Vermont, Marekani, na wanawake watatu: Lisa Lindahl, Polly Smith na Hinda Miller. Lindahl alikuwa akikimbia kwa mazoezi na matiti yanamuuma. Na unajua walianza na nini? Walichukua vile vifungio viwili ambavyo wanaume huvaa michezoni kushikilia sehemu zao za siri, wakavishona pamoja vikawa sidiria! Cheka tu, mimi pia nilicheka. Lakini kumbuka kwamba wanaume walikuwa na chao cha kujishikilia zamani, na sisi tukaambiwa tuvumilie.

Utaipataje inayokufaa? Huhitaji duka la kifahari. Chukua futi ya fundi wa nguo, au mwombe fundi wa cherehani aliye karibu nawe akupime. Zungusha futi chini ya matiti, kwenye mbavu, utoe pumzi, usome. Kisha pima penye kilele cha matiti. Nenda sokoni na namba hizo mbili zimeandikwa kwenye karatasi. Ukiikuta sidiria, tazama ukanda wa chini, kwa kuwa huo ndio unaobeba mzigo mkubwa kuliko kamba za begani. Uvute. Ukirudi haraka, mpira bado mzima. Ukibaki umelegea kama soksi ya mtoto wa darasa la kwanza, uache, hata kama bei ni ya kutupa. Kamba za begani ziwe pana. Ukishaivaa, vidole viwili viweze kupita chini ya ukanda, titi lisimwagike pembeni, na ukiinua mikono juu ukanda usipande mgongoni. Halafu ruka mara tatu pale pale. Ndiyo, nyuma ya pazia la muuzaji. Kama kifua kimetulia, lipa.

Kama huna fedha za sidiria ya michezo mwezi huu, vaa sidiria zako mbili kwa pamoja, ile inayobana zaidi ikae juu. Inasaidia sana kwa kutembea na kwa mazoezi mepesi. Fundi pia anaweza kukushonea fulana fupi ya kubana, ya kitambaa kinachovutika kidogo, yenye kamba pana na ukanda mpana chini.

Mama anayenyonyesha, sikiliza hapa. Nyonyesha au kamua kwanza, kisha ufanye mazoezi. Matiti yakiwa mepesi yanauma kidogo. Mazoezi ya kawaida hayakaushi maziwa wala hayayachachishi, hayo ni maneno ya watu. Lakini ile sidiria ya kubana ivue mara tu umalizapo. Ukishinda nayo mchana kutwa, maziwa yanaweza kuganda sehemu moja, titi likawa gumu, jekundu na lenye joto. Ukiona hivyo pamoja na homa, endelea kunyonyesha na uje kliniki siku hiyo hiyo. Na usikae na sidiria yenye jasho, maana ngozi chini ya titi hushika ukungu, inawasha na kuchubuka. Oga, jikaushe vizuri, vaa kavu.

Miguu. Watu wengi hutumia raba za kwenda shamba au zile za kitambaa za watoto wa shule. Kwa kuanza kutembea si mbaya, mradi soli si karatasi. Tafadhali usitembee nusu saa na sandali za vidoleni. Nunua viatu jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo mchana na kiatu cha asubuhi kitakubana. Mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Kwa mitumba, kama pale Githurai, kishike kiatu kisigino na ncha ukipinde. Kipinde pale vidole vinapopindia. Kikijikunja katikati kama chapati, kimechoka. Geuza soli uone kama imelika upande mmoja, kwa maana miguu ya mwenye kwanza ilikilaza, nawe kitakulaza hivyo hivyo.

Wewe mwenye kisukari, kabla ya kuvaa ingiza mkono ndani ya kiatu utafute kokoto, uzi au msumari. Vaa soksi za pamba. Ukirudi kagua nyayo zako, na kama huoni vizuri mwite mjukuu akutazamie. Mguu wa kisukari unaweza kutobolewa usijue, na kidonda kidogo kikaondoka na mguu mzima.

Nguo zote za mitumba zifue kwanza kwa maji ya moto na sabuni, uanike juani, upige pasi. Sidiria na nguo za mpira haziwezi maji ya moto sana, yatauua mpira. Hizo zifungie ndani ya ndoo yenye kifuniko kwa juma moja ndipo uzifue. Vijidudu vya upele haviishi siku hizo zote bila mwili wa mtu. Chupi nunua mpya.

Na nguo za kati? Hapa ndipo penye maneno mengi mtaani, ingawa jambo lenyewe ni dogo. Traksuti iliyolegea ni sawa. Taiti na fulana ndefu inayofika mapajani ni sawa. Baika, ile kaptura ya kubana inayoishia juu ya goti, ukiivaa chini ya sketi pana ni sawa kabisa. Kuna akina mama wa Akorino ninaowajua, hawavai suruali na hawavui kilemba, na wanatembea asubuhi kuliko mimi. Wanavaa sketi pana inayofika nusu ya muundi, baika ndani, raba miguuni, na kilemba kilichofungwa chepesi. Dada wa Kiislamu naye avae suruali pana, kanzu fupi na hijabu ya kuvuta kichwani isiyo na pini, maana pini huchoma ukianguka. Kama binti yako anacheza mpira na mtu akamwambia hijabu hairuhusiwi, mwambie sheria za mpira wa miguu duniani zilikubali kufunika kichwa tangu 2014, na za mpira wa kikapu tangu 2017.

Rangi nyeusi au bluu iliyokolea huficha jasho. Lakini ukitoka alfajiri kabla ya mwanga, juu uvae kitu cheupe, au lile koti la kung'aa kama la boda boda, ili dereva akuone. Barabara kuu ya Thika ilipomalizika mwaka 2012 ilikuja na njia za waendao kwa miguu na madaraja ya kuvukia. Yatumieni hayo madaraja. Pasipo na njia ya miguu, tembea ukiyatazama magari yanayokuja. Na mwezi wa saba baridi ya Ruiru ikiwa kali, vaa sweta unaloweza kulivua na kulifunga kiunoni mwili ukishapata moto.

Kuna vazi moja ambalo nalikataa kabisa. Nimekutana na akina mama wanaojifunga karatasi za plastiki tumboni chini ya nguo, wengine wanavaa sweta mbili na koti juani ili, wanasema, mafuta yayeyuke. Mama, mafuta ya mwili si kama siagi kwenye sufuria. Kinachotoka ni maji. Ukipanda mizani jioni utaona umepungua kilo, ukinywa maji kilo imerudi. Wakati huo huo mwili unachemka, kichwa kinazunguka, na mwenye presha au mjamzito anaweza kuzimia njiani. Vile vile usijifunge tumbo kwa leso au mkanda wa kubana wakati wa mazoezi ukidhani litaingia ndani. Unajinyima pumzi, na mkandamizo unasukuma viungo vya chini vilivyolegea baada ya uzazi. Kama ulipasuliwa, subiri uchunguzi wa majuma sita kwanza, kisha uvae suruali ambayo ukanda wake unapita juu ya kovu, siyo juu yake hasa ukalisugua.

Nimetaja viungo vya chini, basi niseme na lile jingine. Mama wengi hawaruki kamba wala hawakimbii kwa sababu mkojo unaponyoka. Wanasema "mimi sipendi kukimbia," kumbe wanaogopa kulowa mbele za watu. Huo si uchafu wala uzee. Ni misuli ya sakafu ya nyonga iliyochoka kwa uja uzito na kuzaa. Kwa sasa vaa pedi na suruali nyeusi, uanze na kutembea badala ya kuruka. Kila siku fanya hivi: kaza kana kwamba unazuia mkojo na hewa pamoja, hesabu hadi tano, legeza, rudia mara kumi. Fanya asubuhi, mchana na usiku. Unaweza kuifanya ndani ya matatu na kondakta asijue! Usitegemee matokeo ya juma moja, ipe miezi mitatu. Isiposaidia, njoo kliniki utuambie wazi. Hospitali kubwa kama Thika Level 5 zina wataalamu wa fiziotherapia wa kukusaidia.

Sasa umeshapata nguo, iko kabatini, na unaogopa kutoka nayo. Naielewa hofu hiyo. Mimi mwenyewe baada ya mtoto wangu wa pili nilinunua taiti, ikakaa miezi minne ndani ya sanduku. Mimi ninayewaambia wengine! Kilichonisaidia, na kilichomsaidia yule mama wa mboga, ni kuzoea kidogo kidogo.

Juma la kwanza usitoke. Vaa nguo hizo nyumbani ukifua, ukipiga deki, ukichambua maharagwe. Watoto watacheka siku ya kwanza, ya pili watatazama, ya tatu watakuomba chai kama kawaida. Wewe pia utasahau umevaa nini, na hapo utajua mahali panapobana, panaposugua na panapopanda. Mapaja yakisuguana, paka mafuta mazito au uvae baika ndefu zaidi. Juma la pili toka hadi dukani, ukiwa umejifunga leso juu. Leso ni rafiki mkubwa. Unafika uwanjani au kwenye njia tulivu, unaifungua, unaifunga begani au unamwachia mwenzako. Juma la tatu tafuteni wenzenu. Mtu mmoja aliyevaa traksuti ni kichekesho, lakini watano ni kikundi, na kumi wanaitwa chama. Vyama vya akina mama tunavyo tele. Badala ya kununuliana sufuria kila mara, mzunguko mmoja uwe wa raba na sidiria.

Yule mama wa mboga alianza na wenzake wawili wa sokoni, saa kumi na mbili asubuhi kabla ya kufungua vibanda. Anavaa taiti nyeusi chini ya rinda lake pana, na raba. Wale vijana wa steji? Walipiga mbinja siku mbili. Siku ya tatu mmoja wa wale akina mama akamwita kijana mmoja kwa jina la mama yake, akamwuliza kama mama huyo amepimwa presha mwaka huu. Kimya. Miezi minne baadaye, kwa vidonge na kwa miguu, presha yake ilisoma 138 kwa 86. Safari hii hakuinamisha kichwa.

Kwa wale wanaosema mama mzima hafai kuvaa nguo za michezo, wakazi wa Ruiru mnakijua chuo cha askari wa magereza. Idara hiyo ya magereza ndiyo iliyomwajiri Catherine Ndereba. Alimzaa binti yake mwaka 1997, na mwaka 2001 akakimbia Chicago kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 47, rekodi ya dunia ya marathoni wakati huo. Na Faith Kipyegon, aliyejifungua mwaka 2018, alirudi akashinda dhahabu ya Olimpiki Tokyo na tena Paris 2024. Juni 2025 alijaribu kukimbia maili moja chini ya dakika nne huko Paris, akiwa na vazi alilotengenezewa maalumu na kampuni ya Nike, hata sidiria yake ilibuniwa kwa ajili ya siku hiyo. Alimaliza kwa dakika 4 na sekunde 6 na nukta 42. Yeye naye anahitaji sidiria nzuri, sembuse sisi.

Nisiwasahau mabinti. Mwaka mmoja nilitembelea shule moja ya msingi kuzungumza na wasichana. Mwalimu aliniambia kuna msichana anayeumwa tumbo kila siku ya michezo, tena siku hiyo tu. Nilimketisha kando. Hakuwa na ugonjwa. Matiti yalikuwa yameanza, hakuwa na sidiria, na fulana ya shule ilikuwa nyembamba. Wavulana walikuwa wamempa jina. Alikuwa mkimbiaji mzuri, na aliacha kwa kukosa kipande cha nguo ambacho mama yake hakujua kwamba kinahitajika.

Mama, matiti huanza kuota kati ya miaka 8 na 13. Usingoje akuombe, hataomba. Yakianza tu, hata kama ni kama punje ya hindi na yanauma kidogo, mnunulie fulana fupi ya kubana au sidiria laini isiyo na waya. Mpe baika nyeusi ya kuvaa chini ya sketi au bukta ya michezo. Hiyo baika pia inashikilia pedi isisogee siku za hedhi. Kucheza wakati wa hedhi hakudhuru kizazi, na wasichana wengine hupata nafuu ya maumivu ya tumbo wakikimbia kidogo. Kuhusu pedi, sheria ya elimu ilirekebishwa mwaka 2017 ili serikali iwape wasichana wa shule za umma bila malipo, kwa hiyo uliza shuleni zimefika au la, na uulize zimewekwa kwa nani. Kama bukta ya shule ni fupi mno, zungumza na mwalimu binti aruhusiwe baika ya rangi hiyo hiyo ndani. Mtoto wa umri wake anahitaji saa nzima ya kucheza na kukimbia kila siku. Na yaya, wewe unayebaki naye jioni, ukiona anajifunika sweta juani wakati wa mchezo, mwambie mama yake kwa upole.

Nimalizie na swali. Mama wa Kimbo ametuma ujumbe: "Mume wangu hataki nivae suruali, na daktari amesema sukari yangu inapanda. Nifanyeje?" Dada, usianze na suruali. Anza na sukari. Mwombe mumeo mje pamoja siku ya kliniki, asikie namba kwa masikio yake kutoka kwetu. Kisha muulize, je, sketi pana na baika ndani na raba zinamridhisha? Nimeona wengi wakikubali hapo hapo, kwa sababu hawakuwa wanakataa mazoezi, walikuwa wanaogopa maneno ya watu kama wewe unavyoyaogopa. Akikubali, mwambie atembee nawe. Yeye hataulizwa amevaa nini.

Ukiwa unatembea ukasikia kifua kikibana, pumzi ikakatika au kichwa kikazunguka, simama, kaa kivulini, utafute msaada. Mjamzito akiona damu au maji yakitoka, aje hospitali moja kwa moja bila kwenda kubadilisha nguo.

Juma lijalo tutazungumza juu ya chanjo ya mtoto wa miezi tisa. Njoo na kile kijitabu cha kliniki mkononi. Kwaheri kwa sasa.